Huyu Simpari

Nyumba ina madirisha mengi, haina mlango. Mgeni akiingia hatoki. Ni nini, mwenzangu? Fikiri kwanza, usinitazame mimi. Umeshindwa? Haya, nipe mji nikwambie: ni wavu. Na ukubwa wa hayo madirisha ndiyo hadithi yenyewe.

Binti yangu anapara samaki sokoni. Meza yake ni ya saruji, ya tatu kutoka bombani. Mumewe, mkwe wangu, ni mvuvi. Yeye analeta samaki, mkewe anatoa magamba na matumbo, wapishi wa mahoteli wananunua. Hivyo ndivyo wajukuu zangu wanavyokula na kusoma.

Mwaka mmoja samaki wakaanza kupungua kimo. Kwanza walikuwa urefu wa mkono, kisha kiganja, kisha kidole. Mkwe wangu akasema dawa ni wavu wenye macho madogo zaidi. Wavuvi wenzake wakamwiga. Mabeseni yakajaa, lakini yalijaa vitoto.

Binti yangu hutumbua samaki mia kwa siku. Akagundua kwamba siku hizi haoni mayai tumboni, hata kwa mmoja. Akamwuliza bwana samaki, yule mfanyakazi wa idara ya uvuvi anayepita sokoni na rula yake.

Bwana samaki akapima mmoja, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba samaki yule bado ni mtoto.

"Mkimvua kabla hajazaa hata mara moja, mnakula mbegu," alisema. "Wavu uwe na macho mapana. Mdogo apite, akue, azae. Mkubwa ndiye abaki."

Kesho yake mkwe wangu akatua beseni mezani. Binti yangu akachagua samaki mdogo, akamlaza kiganjani.

"Baba watoto, huyu ameshazaa?"

Mkwe wangu akatazama bombani. Hakujibu.

"Basi huyu simpari."

Akakiweka kisu mapajani. Wanawake wa meza nyingine sita wakamtazama. Kisha, kimoja kimoja, visu vyao navyo vikashuka.

Soko likawaka moto. Wavuvi walijaribu kupara wenyewe, wakajikata vidole, na nusu ya nyama ikaenda na magamba. Wapishi wakaondoka. Mwenyekiti wa soko akatishia kuwapa watu wengine meza zile. Binti yangu akamwambia awalete tu. Atawafundisha kupara, na atawafundisha kukataa pia.

Nyumbani walikula maharage siku nne. Mkwe wangu alinuna. Akitaka chumvi alimwomba mtoto, na chumvi iko mbele ya mkewe.

Siku ya tano wavuvi wenyewe wakamwita bwana samaki. Wakakubaliana kuacha nyavu za macho madogo. Atakayeleta vitoto, hatapariwa. Mkwe wangu naye akabadilisha wavu wake.

Miezi ya kwanza mabeseni yalikuwa mepesi. Lawama zote alibebeshwa binti yangu. Hakuinamisha kichwa. Aliyemsema alisogezewa kisu na kuambiwa apare mwenyewe. Mwaka wa pili samaki wakarudi na kimo chao, urefu wa mkono na zaidi. Wapishi nao wakarudi, wakawa wanapanga foleni.

Juzi akaja mvuvi mgeni na beseni la vitoto. Wanawake wote saba wakakunja mikono. Mgeni akamgeukia mkwe wangu, akacheka.

"Mwanamume mzima, unaogopa kisu cha mkeo?"

Mkwe wangu akaokota samaki mdogo mmoja kutoka kwenye lile beseni, akamlaza kiganjani. Hakumtazama mgeni. Alimtazama mkewe, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi langoni.

"Siku ile uliniuliza, mama watoto, nikanyamaza. Hajazaa."