Sekunde Nne za Matofalini

Alhamisi, tarehe 14 Julai 2089. Asubuhi hiyo jiji la Ilemboni liliamka na manyunyu na baridi ya kupenya mifupa, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa.

Ndani ya ukungu huo visikizi viliruka. Kisikizi kilikuwa chombo kidogo, ukubwa wa bakuli la uji, chenye mabawa manne na sikio moja la kioo. Kila asubuhi kilitua dirishani kwa mkazi, kikamwita kwa jina na kumwuliza habari za nyumbani. Majibu yalikusanywa katika ubongo-mashine wa halmashauri, na kufikia saa tatu uamuzi ulikuwa tayari: barabara ipi izibwe mashimo, zahanati ipi iongezewe dawa. Mikutano ya mtaa ilikwisha kufutwa. Wazee waliozoea kupanga viti tangu alfajiri wakimsubiri diwani wa saa kumi, sasa walisikilizwa huku wakipiga mswaki.

Aliyekibuni ni Injinia Tusajigwe, mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Kabla kisikizi cha kwanza hakijaruka alifunga siku tatu, akimwomba Mungu kifaa hicho kiwe sikio la maskini. Alikipa kanuni moja tu. Mtu akijibu kwamba hali ni mbaya, kifaa kikunje mabawa na kumsikiliza hadi mwisho, hata kama ni saa nzima. Akijibu kwamba hali ni nzuri, kimpe sekunde nne, kisha kiende kwa mwingine, kwa maana asiye na shida asiwacheleweshe wenye shida. Kanuni hiyo ilijaribiwa kwa makarani wa halmashauri, watu wa haraka wanaojibu mkato, ikafanya kazi bila kasoro.

Asubuhi hiyo Tusajigwe alisoma kwenye kioo cha ofisi kwamba Mtaa wa Matofalini umekuwa wa kwanza kwa kuridhika, asilimia tisini na tisa. Hakuwahi hata kutabasamu. Mstari wa chini ulisema kwamba kwa kuwa Matofalini haina malalamiko, figo-mashine ya zahanati yake itahamishwa Jumapili, ipelekwe mtaa unaolalamika.

Figo-mashine ilisafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Mmoja wao alikuwa Bi Sekela, mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Bila mashine hiyo hakuwa na wiki mbili za kuishi, na huko inakokwenda orodha ya wagonjwa ilikwisha kujaa.

Alipanda ngazi mbio hadi kwa Mkurugenzi Nzowa. Akamweleza kwamba watu wa Matofalini hawakuridhika, ni namna yao ya kusalimiana. Kwao hata mwenye nyumba inayoungua ataanza na nzuri, amshukuru Mungu, ndipo aombe maji. Kisikizi kinaondoka kabla hawajafika kwenye shida yenyewe. Akaomba sekunde ziongezwe.

Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole huku akikoroga chai. Alisema kanuni hubadilishwa na halmashauri, na halmashauri hupokea hoja kutoka kwenye visikizi peke yake. Hivyo ndivyo Tusajigwe mwenyewe alivyoshauri, ili wakubwa wasichomeke mambo yao.

"Wananchi elfu nne wamesema ni wazima," alisema. "Wewe ni mmoja, na una ndugu pale. Nimsikilize nani, Injinia?"

Ijumaa nzima Tusajigwe alipita Matofalini nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu wajibu mbaya, mara moja tu, kesho asubuhi. Walimkaribisha, wakampa kiti. Fundi mmoja wa viatu alimtania kwamba amesoma hadi amesahau salamu, sasa anataka watu wazima waanze na kilio kama vichanga. Wakacheka wote, wakaahidi.

Usiku wa Ijumaa alilala kwa mama yake mdogo. Bi Sekela alikuwa amevimba miguu, ila ulimi wake ulikuwa mzima.

"Tusa, mwanangu, nianze na ubaya kabla sijamshukuru aliyeniamsha?"

"Mama, ni neno moja tu. Sema mbaya, kisha mshukuru Mungu kutwa nzima."

"Haya. Nitajitahidi."

Jumamosi kisikizi kilitua. Kilimwita Bi Sekela kwa jina lake lote, kikamwuliza habari za nyumbani kwa sauti laini, sauti ambayo Tusajigwe aliichagua mwenyewe ili wazee wasiogope.

"Nzuri, baba, namshukuru Mungu," alisema Bi Sekela, na papo hapo akaweka mkono mdomoni. "Ila hiyo mashine yangu..."

Kifaa kiliruka. Tusajigwe alikikimbilia uani bila viatu, akaona vingine vikipaa kutoka madirisha ya majirani, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimekaa sekunde zake nne. Aliporudi ndani, mama yake mdogo alikuwa anatazama dirisha.

"Sikumaliza," alisema. "Labda kina wagonjwa wa kuwawahi."

Jumapili, watu wakiwa ibadani, gari lilikuja likachukua figo-mashine. Bi Sekela aliishi siku kumi na moja. Siku tatu za mwisho hakumtambua mtu, na Tusajigwe, aliyepiga magoti kando ya kitanda, aliishiwa maneno ya sala, akabaki kutaja jina la Mungu tu.

Asubuhi ya maziko visikizi vilikuja kama kawaida. Vilitua juu ya turubai, vikawauliza wafiwa habari. Wafiwa walijibu nzuri, kama watu walivyojibu misibani tangu zamani. Siku hiyo Matofalini ilifika asilimia mia, na halmashauri ikatuma cheti cha pongezi.

Baada ya kaburi kufukiwa, Tusajigwe alimwendea mume wa marehemu, Mzee Ambokile, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, baba mdogo. Habari za tangu jana?"

"Mbaya," alisema mzee.

Mwanamke mmoja aliinamisha kichwa kana kwamba mtu ametukana. Tusajigwe alianza kueleza kwamba ataacha kazi, ataandika barua, ataomba sekunde kumi, hata ishirini. Mzee aliinua mkono.

"Sekela alihitaji ngapi?"

"Saba, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akamshika bega mchungaji aliyeongoza maziko ili asimame vizuri, akawageukia majirani, akasema kwa sauti ya kufika nyuma:

"Nyie wote ni mashahidi, na Mungu ananisikia. Nimemshukuru miaka themanini kabla ya kusema shida yangu. Kuanzia leo, nyumbani kwangu hakuna atakayejibu nzuri, si mtoto, si mgeni, wala mimi. Serikali ikiniuliza, mbaya. Jirani akiniuliza, mbaya. Na wewe, Tusajigwe, mwanangu, kila utakaponisalimia hadi nife, nitakujibu hivyo hivyo. Naahidi."