Spika za Milango Arobaini

Nyumbani kwetu tuko watatu: Mama, kaka yangu na mimi. Mama anapiga pasi nguo za watu. Mimi ni mshonaji, na cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo penye mwanga. Kaka ni seremala. Anatengeneza milango katika karakana iliyo nyuma ya soko.

Kaka halipwi kwa mwezi. Analipwa kwa kila mlango anaoumaliza. Ndiyo maana kwetu kila kitu kinahesabiwa kwa milango. Kodi ya nyumba ni milango miwili. Mama alipong'olewa jino alisema, "Jino hili limekula nusu mlango."

Mtaani wanamwita kaka Kipaza. Jina hilo hakupewa bure. Ndoto yake ni kuwa mshereheshaji, yule mtu anayeshika kipaza sauti kwenye sherehe, akakaribisha wageni na kuwachekesha. Kipaji anacho, siwezi kumnyima. Tatizo ni kwamba hajui kukizima.

"Mabibi na mabwana," huanza asubuhi akiingia jikoni, "tumkaribishe mgeni wetu rasmi, chai ya rangi!"

"Kunywa uende kazini," Mama humjibu.

"Mama mzazi ametoa nasaha zake. Makofi, tafadhali!"

Mimi ndiye ninayeishi na hayo kila siku. Msinionee wivu.

Jumanne moja nilikuwa nashona sketi za shule. Nilipata oda ya sketi sitini, na nilikuwa nimefika ya kumi na saba. Nikasikia hodi. Akaingia mwanamume wa shati jeupe, ameshika faili na simu.

"Karibu, kaka. Umeleta nguo?"

"Hapana, dada. Mimi ni afisa mikopo. Naomba usogee kidogo, nipige picha cherehani."

"Cherehani yangu? Ya nini?"

"Dhamana."

"Dhamana ya nani?"

Akafungua faili lake. "Mwombaji ni seremala wa nyumba hii. Ameandika cherehani moja, jokofu moja, seti moja ya makochi, pasi mbili, na kitanda cha futi tano."

"Kitanda cha futi tano ni cha mama yetu!"

"Hapa haikuandikwa ni cha nani," alisema kwa upole. "Ila kila mwenye mali lazima atie saini. Asipotia, mkopo hautoki. Mwisho ni Ijumaa."

Sikusogea. Alipiga picha jokofu, akaaga, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika sketi ya kumi na saba, nisijue niiendeleze au niitupe.

Jioni kaka alirudi na vumbi la mbao kichwani. Sikumpa nafasi ya kumkaribisha mtu yeyote.

"Kaka, umeniandika kwenye fomu ya mkopo?"

"Sijakuandika wewe. Nimeandika cherehani."

"Cherehani na mimi tuna tofauti gani? Ikichukuliwa, nitashona kwa meno?"

"Dada, sikiliza kwanza. Spika mbili kubwa, mashine ya kuchanganya sauti na vipaza sauti viwili. Vyote ni milango arobaini. Nikivipata tu, naiaga karakana. Bosi nimeshamdokezea."

Mama akashika kichwa. "Umeshamdokezea?"

"Nimemwambia ninafikiria."

"Na ukishindwa kulipa?" nikauliza.

"Nishindwe kwa nini? Nina sherehe thelathini na moja kwenye daftari! Mwaka mmoja tu! Unajua wageni wanasemaje? Wanasema mimi nimezaliwa na kipaza sauti mkononi."

"Wewe umezaliwa na Mama, na kitanda chake ndicho unachokiweka rehani."

Mama akanigeukia mimi. "Usimkatishe tamaa ndugu yako. Tia saini tu, tupate amani. Mimi kitanda nimemwachia."

"Mama, utalala wapi?"

"Kwani kimeshachukuliwa?"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikarudi kwenye sketi zangu.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Kila aliyepita barabarani alisalimiwa na kaka kwa sauti kubwa: "Karibuni, karibuni! Nyumba hii ina kipaji kimoja na mpinzani mmoja!" Wateja wangu wakawa wananitazama kama nimeiba kitu. Mmoja alisema, "Lakini dada, si umsaidie tu?" Nikamuuliza kama yeye yuko tayari kuweka televisheni yake. Akakumbuka ana haraka.

Alhamisi alikuja jirani yetu kuchukua gauni lake. Jirani huyu tunamwita Mama Risiti. Amekuwa karani wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka ishirini, na hajawahi kutupa risiti. Hata ya kiberiti anayo. Kaka alipomwona alifurahi. Alidhani amepata wakili.

"Mama, wewe ni mtu wa mikopo. Nisaidie kumwelewesha huyu."

Mama Risiti akaketi. "Nikuelewe wewe kwanza. Lete hilo daftari la sherehe, na karatasi za mkopo."

Kaka akaleta. Mama Risiti akampa kalamu. "Zungushia duara sherehe ulizolipwa pesa."

"Zote wali—"

"Pesa, mwanangu. Si chakula. Si makofi."

Kaka akafungua ukurasa wa kwanza. Akakuna shingo.

"Hii?" Mama Risiti akaonyesha kwa kidole.

"Harusi ya binamu. Nilifungashiwa sahani mbili."

"Hii?"

"Mahafali ya mtoto wa jirani. Walinipa fulana."

"Na hii?"

"Ya shangazi. Sasa shangazi utamdaije?"

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wetu. Kwetu ndugu hadaiwi pesa. Na kaka, kwa ukarimu wake, amemfanya kila mtu kuwa ndugu. Mwenye duka ni mjomba. Fundi bomba ni shemeji. Hata afisa mikopo, kaka alishaanza kumwita "kaka mkubwa".

Daftari lilipokwisha, maduara yalikuwa manne.

Mama aliweka pasi chini. "Nne? Sherehe nne mwaka mzima? Na wewe kila Jumamosi unaniambia uko kazini!"

"Nilikuwa kazini, Mama. Kazi ya kujitangaza."

"Tuache hiyo," alisema Mama Risiti. "Tuje kwenye mkopo. Wanakupa ngapi?"

"Milango arobaini."

"Soma hapa chini, penye maandishi madogo."

Kaka akasoma polepole. Ada ya fomu na bima ingekatwa kabla ya kupewa pesa. Zote mbili zilifika milango miwili.

"Kwa hiyo unashika thelathini na minane. Na vifaa ni arobaini. Umekopa, na bado hujavinunua."

Kaka akanyamaza. Nilitazama saa ukutani, maana jambo hilo halitokei mara nyingi.

"Riba je?"

"Ndogo sana. Mbili na nusu kwa mia."

"Kwa mwaka au kwa mwezi?"

Akatazama tena. "Kwa mwezi."

"Mbili na nusu kwa mia ya arobaini ni mlango mmoja. Kila mwezi mlango mmoja, miezi kumi na miwili. Na riba hii haipungui. Wanaihesabu juu ya arobaini ile ya mwanzo mpaka mwisho, hata ukiwa umebakiza milango mitano. Arobaini na kumi na miwili?"

"Hamsini na miwili," nikajibu mimi.

"Hiyo ndiyo bei ya mkopo wako. Kila mwezi ulipe milango minne na theluthi. Rejesho la kwanza ni siku ya thelathini, uwe umepata sherehe au hukupata. Ukichelewa, faini. Sasa niambie, hapa nyumbani unatoa ngapi kwa mwezi?"

"Sita."

"Ukiacha karakana, milango hiyo sita itatoka kwenye sherehe. Ongeza na rejesho, unahitaji zaidi ya milango kumi kila mwezi. Sherehe moja ya kulipwa, ukiwa na spika zako, unabaki na nini?"

"Milango miwili na nusu."

"Nimesema unabaki na nini. Gari la kubeba spika nani analipa? Mafuta? Watu wa kupakia na kushusha?"

Kaka alihesabu kwa vidole, akarudia, akarudia tena. "Nabaki na mmoja."

"Basi unahitaji sherehe kumi kila mwezi, na hazitoshi. Jumamosi ziko ngapi kwa mwezi?"

"Nne."

"Sherehe mbili na nusu kila Jumamosi. Hiyo nusu utaifanyaje? Utakaribisha bwana harusi, bibi harusi umwache nje?"

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kaka hakucheka. Alisimama, na sauti yake haikuwa ile ya sherehe.

"Kwa hiyo nizeeke na milango? Miaka tisa napiga randa. Nikishika kipaza sauti ndipo ninapojiona mtu. Leo mnanichekelea!"

Hata mimi niliyekuwa na hasira, moyo ulinilegea. Nilijua anasema kweli.

"Kaa, mwanangu," alisema Mama Risiti. "Mimi nimekusikia ukisherehesha. Nilicheka mbavu zikauma. Sisemi uache. Wala kukopa si kosa, mimi nakopesha watu kila wiki. Lakini mkopo mzuri unalipwa na kazi uliyoukopea, na kazi hiyo ikikwama mwezi mmoja, nyumbani mnaendelea kula. Mkopo wako huu ungelipwa na cherehani ya dada yako. Hebu nijibu moja. Zile sherehe nne, spika zilitoka wapi?"

"Zilikodiwa."

"Alilipa nani?"

"Mwenye sherehe."

"Na wewe ukabaki na nini mfukoni?"

"Mlango mmoja."

Mama akauliza, "Ukiwa na spika zako, mmoja. Ukiwa huna, mmoja. Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni deni," alisema Mama Risiti.

Nikaona ni zamu yangu. "Kaka, sitatia saini. Unichukie ukitaka. Lakini nitakushonea koti la kusherehesha. Kitambaa utanunua wewe, ufundi ni juu yangu."

"Na mimi naongeza," alisema Mama Risiti. "Jipe miezi sita. Usiache karakana, omba tu ruhusa ya Jumamosi. Kila mtu alipe, nusu kabla ya siku, awe ndugu au mgeni. Pesa ya sherehe usiile, iweke akiba. Ukiona miezi mitatu mfululizo unapata sherehe nne za kulipwa kila mwezi, njoo chamani tuzungumze mkopo mdogo."

Ijumaa afisa alipiga simu, na kaka akamwambia, "Kaka mkubwa, bado kidogo." Kisha akaninunia siku mbili. Watu walinipa pole. Mimi nilishona sketi ishirini kwa utulivu mkubwa.

Jumatatu alikwenda kumwomba bosi ruhusa ya Jumamosi. Bosi alikubali, mradi Jumapili moja moja aje kufidia.

Kazi ngumu ilikuwa kutaja bei. Shangazi alikuja wa kwanza. "Mwanangu, wiki ijayo tuna sherehe. Utakuja, sivyo?"

Kaka akatazama dari. Akatazama sakafu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Shangazi... siku hizi ninalipwa. Na nusu inatangulia."

"Unanidai mimi? Niliyekubeba mgongoni?"

"Na mgongo wako naushukuru, shangazi. Lakini nusu inatangulia."

Shangazi aliondoka bila kuaga. Baada ya siku tatu akarudi na pesa amezifunga kwenye leso. Alikuwa ameuliza mshereheshaji mwingine, akatajiwa bei mara tatu ya ile ya kaka.

Wengine hawakurudi. Wale wa sahani mbili walitafuta mtu mwingine wa kumlisha. Mwezi wa kwanza kaka alipata sherehe moja, wa pili mbili. Mwezi wa nne zikafika tatu, na za mwezi wa tano zikawa nne. Koti lake lilianza kujulikana. Akaanza kunisumbua upya: "Unaona? Unaona? Si ningechukua tu ule mkopo!"

Mwezi wa sita mvua ikaja. Ilinyesha wiki nzima, ikapumzika siku moja, ikaendelea. Barabara zikawa matope, mahema hayasimami. Sherehe tatu zikaahirishwa, ya nne ikafutwa. Kaka alibaki na nusu tu ya malipo ya ile iliyofutwa. Jumamosi zote nne alikwenda karakana akatengeneza milango. Kodi tulilipa. Chakula tulikula. Oda yangu ya mashuka ya zahanati niliimaliza kwa wakati.

Siku ya mwisho ya mwezi ule kaka alikaa mlangoni akitazama maji.

"Dada," alisema, "leo ningekuwa nalipa rejesho la sita."

"Kwa pesa zipi?"

"Ndiyo najiuliza."

Sikutaka kumwambia kitu. Alikuwa anajiambia mwenyewe vizuri tu.

"Lakini spika bado nazitaka," akasema.

"Najua."

"Nikiweka akiba milango ishirini, nitakopa ishirini tu. Chamani, kwa riba inayopungua kila ninapolipa. Na nitauliza jumla ya kurudisha kabla ya kushika kalamu."

"Vizuri. Na dhamana?"

"Nitaandika vitu vyangu."

"Una vitu gani wewe?"

Akakunja kidole kimoja. "Msumeno," alisema. "Na randa mbili."

Nilishusha pumzi. Bado ana safari ndefu kaka yangu. Lakini orodha ile, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya vitu vyake.