Makopo Chini ya Kitanda

Kila alipotoka shule, Polisi aliingia jikoni hata kabla ya kuvua sare. Hilo halikuwa jina lake halisi. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alimbandika jina hilo siku binti huyo alipomhoji muuza maziwa mpaka jasho likamtoka, eti maziwa yametiwa maji. Jioni kazi yake ilikuwa kupika. Alikaanga kitunguu, akatia nyanya na viazi vilivyochemshwa, mwisho akaongeza samaki wa kopo na kukamulia limau. Shangazi alifanya kazi kiwandani, kwenye meza ya kupanga samaki ndani ya makopo, kwa hiyo kitoweo hicho hakikuwapungukia.

Lakini siku hizi kilikuwa kimetoweka. Shangazi alileta mayai, alileta maharage, ila samaki hakuna.

"Mbona hatuli samaki, shangazi?"

"Tuwaache wapumzike kidogo," shangazi alijibu, akageuza mazungumzo.

Jibu gani hilo? Polisi akaanza kumfuatilia. Aliona kwamba shangazi akirudi kazini hupitiliza chumbani na mkoba wake, hufunga mlango, na kitu kizito husikika kikiburutwa sakafuni. Kisha hutoka akijifanya hamnazo, akiuliza habari za shule.

Siku moja akifagia chumba hicho, ufagio uligonga sanduku chini ya kitanda. Alilivuta, akafungua, akatoa macho. Lilikuwa na makopo ya samaki, na hakuna hata moja lililokuwa na lebo! Makopo ya dukani yana lebo. Haya bila shaka yalitoka kiwandani kwa mlango wa nyuma. Shangazi huyu huyu, anayegomba mtu akilamba kijiko cha sukari bila ruhusa, kumbe ni mwizi!

Kuuliza kungemgharimu sentensi moja tu. Hakuuliza. Kesho yake darasa lao lilikuwa na somo la mapishi, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kopo la samaki. Shangazi alikuwa amemwambia apeleke mayai.

"Aliyeiba atamshtaki nani?" Polisi alijisemea. Akachukua kopo la juu, akalizika chini ya madaftari yake.

Darasani alivuta kipete cha kopo, mfuniko ukafunguka. Jirani yake wa dawati akachungulia.

"He! Samaki gani hawa? Wadogo kama kidole changu cha mwisho!"

Mwalimu wa mapishi akasogea. Alilitazama kopo juu, akaligeuza chini.

"Limetoka wapi hili?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Samaki hawatoki nyumbani, binti yangu. Kopo nisilojua asili yake haliingii kwenye sufuria yangu." Akalifungia pamoja na mfuniko wake ndani ya chombo cha plastiki, akaliweka kwenye friji ya jiko la shule mpaka saa ya kwenda nyumbani.

"Si shangazi yako yuko kiwandani?" jirani yake alimnong'oneza. "Basi ameiba!"

Neno hilo Polisi alikuwa amelisema moyoni tangu jana, tena kwa raha. Kulisikia kinywani mwa mwingine kulimchoma vibaya sana.

Jioni alimkuta shangazi amepiga magoti mbele ya sanduku, uso umemshuka.

"Kuna mtu ameingia humu," shangazi alisema. "Kopo la muhimu kuliko yote halipo."

"Ni mimi, nililipeleka shule na kulifungua," Polisi alisema, kisha akajikaza. "Lakini wewe ndiye ulianza kuiba!"

Shangazi alimkodolea macho. "Kuiba? Mimi? Lebo zikibandikwa kombo, kiwanda huzibandua, na makopo hayo wafanyakazi tunauziwa kwa bei ya chini. Risiti zangu zote zipo. Mbona hukuniuliza?"

Polisi alirudisha macho kwenye lile sanduku.

"Nayaweka kwa sababu samaki wanaoletwa mezani kwetu wanazidi kuwa wadogo," shangazi aliendelea. "Nadhani kuna chombo kinachovua kwa nyavu zenye matundu madogo mno. Kinazoa samaki ambao hawajawahi kutaga hata yai moja. Sasa mwakani tutavua nini? Msimamizi anasema natia chumvi. Kesho afisa wa uvuvi anakuja kiwandani. Kopo ulilochukua ndilo la hivi karibuni, na sasa liko wazi. Watasema nimeweka samaki wangu mwenyewe, na kazi nitaipoteza."

Polisi alilia. Kisha akafuta machozi na kutoa kile chombo cha plastiki kwenye mkoba wake. "Nitakwenda mimi kusema nilivyofanya."

Asubuhi walisimama kiwandani, mbele ya afisa na msimamizi aliyenuna. Polisi alisimulia yote: sanduku, kopo aliloliiba, na mwalimu aliyeliona likifunguliwa. Hakujipendelea hata kidogo.

Afisa alisoma tarehe iliyogongwa kwenye mfuniko, akawapima samaki kwa rula. Akampigia simu mwalimu, naye akathibitisha. Halafu akafungua makopo mengine aliyoleta shangazi, moja moja. Samaki wa kopo la zamani walikuwa wanene, wa kopo lililofuata wembamba, na waliofuata wadogo zaidi.

"Mtoto aliyekuja kujishtaki mwenyewe, mimi namwamini," alisema. "Twendeni bandarini tukapime nyavu."

Nyavu za chombo kilichouzia kiwanda samaki zilikutwa na matundu ambayo hata kidole hakipiti. Zikazuiwa, na kiwanda kikaacha kununua samaki wachanga.

Siku samaki wakubwa waliporudi mezani, shangazi alileta kopo moja, lenye lebo safari hii. Polisi alikaanga kitunguu, akasoma lebo yote kabla ya kuvuta kipete, kisha akapakua.

"Kula samaki si kosa," shangazi alisema. "Kosa ni kuwala kabla hawajapata watoto, na kutouliza wametoka wapi. Na wewe mwanangu, ukimshuku mtu, muulize yeye mwenyewe kwanza."

"Nimekoma, shangazi."

"Usikome kuuliza. Ila siku nyingine ukitafuta mwizi, Polisi, anza kupekua mkoba wako."