Onyo Lililomtaja Projest

Masalu Chenge hakuwa na baba. Hakuwa na cheti cha chuo, wala ukuta wa nne katika kibanda chake cha kutengenezea kompyuta, stendi ya Buzuruga. Upande wa barabarani alitundika turubai. Hakuwa na shati lenye kola nzima. Subira pia hakuwa nayo, lakini hilo alikuwa hajalijua siku Prudencia Kahigwa aliposimama mbele yake katikati ya kelele za wapiga debe, gauni la kitenge cha kijani mwilini, kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Fundi, wenzako wawili wameniambia nipige Windows upya. Na wewe ukisema hivyo, naondoka."

"Sijasema kitu, dada. Kaa kwanza."

Prudencia alikuwa na programu ya kuwekea na kusasisha programu nyingine. Kila akiifungua, ilimwonya kwamba programu moja saidizi inakosekana. Akibonyeza "weka", inamjibu kwamba tayari ipo. Akiifungua tena, inakosekana.

"Sasa ipo au haipo?"

"Inategemea inatafutwa wapi," alisema Masalu, akatabasamu.

Wateja walikuwa wengi, akalizima lile onyo tu lisionekane. Kisha akaomba namba ya simu, eti afuatilie hali ya mgonjwa. Mgonjwa alifuatiliwa miezi saba: simu za mchana, sato wa kukaanga kando ya ziwa, matembezi ya Jumapili baada ya misa kwenye mawe ya Ilemela, ndege zikishuka uwanjani karibu kugusa vichwa. Prudencia alimwita Daktari. Yeye alimwita Mama Onyo.

Jumatatu moja Prudencia alikuja bila utani.

"Baba amepiga simu kutoka Bukoba. Kuna familia inaleta barua ya posa Jumapili. Anasema barua itakayotangulia ndiyo atakayoifungua. Yako iko wapi, Masalu?"

"Barua huandikwa na wazee. Mimi baba sina."

"Kwa hiyo nikaolewe?"

"Nipe hadi Ijumaa, mpenzi."

Akamwachia na kompyuta, maana lile onyo lilikuwa limerudi. Safari hii Masalu alichimba hadi chini. Programu saidizi ilikuwepo, nzima kabisa. Ila mahali ilipo palikuwa pameandikwa katika akaunti ya mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwa Prudencia. Aliitwa Projest. Kubadili kitu kwa watumiaji wote kulitaka neno la siri la huyo Projest. Akapiga simu.

"Neno la siri la Projest unalijua?"

"Nalijua! Andika prudenciawangu, herufi ndogo zote. Naingia kikaoni, bai."

Masalu alilisoma kimoyomoyo: Prudencia wangu. Aliandika. Likakubali. Masalu akaifunga kompyuta bila kuitengeneza. Jumanne simu yake ililia mara saba, Jumatano tisa. Alhamisi aliizima.

Ijumaa saa nne asubuhi turubai lilifunuliwa kwa nguvu.

"Nimekukosea nini?"

"Kamuulize Projest."

Prudencia alimkodolea macho. "Unamwonea wivu shemasi?"

"Shemasi gani?"

"Kaka yangu! Kompyuta ilikuwa yake, akaniachia alipopewa ushemasi. Si nimekwambia mara mia?"

"Umesema Shemasi, Shemasi. Jina hujawahi kulitaja."

"Tangu siku ile mama hataki tumwite jina. Anasema ni kumvunjia heshima." Aliivuta kompyuta yake. "Siku nne, Masalu! Ungeuliza neno moja tu. Umeangalia mahali pamoja, ukasema sipo."

Masalu aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Na meli ya Bukoba inaondoka leo jioni, barua sina."

"Shangazi Hellen aliyekulea amekufa?"

"Yupo Mabatini. Lakini ni mwanamke."

"Umemwomba?"

Hakuwa amemwomba.

Mabatini, Prudencia alibaki nje, kwenye benchi la duka la jirani. Binti haingii nyumba inayoandikiwa posa yake. Masalu alipiga magoti sebuleni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona jasho?"

Alipomaliza kueleza, shangazi alikuwa ameshavaa miwani. "Alikufa baba yako, ukoo haukufa. Nilikuwa najiuliza utanikumbuka lini. Kamwite Revocatus wa nyumba ya pili hapo. Yeye Mhaya, atakuwa mshenga wetu; anajua mlango wa kugonga."

Karatasi mbili ziliharibika. Shangazi alipoanza ya tatu, Masalu alitoka nje, akakaa benchini na Prudencia, akafungua kompyuta na kupaandika mahali pa ile programu saidizi kwa watumiaji wote. Akazima, akawasha. Prudencia aliegemea bega lake. Onyo halikutokea.

"Umelizima tena?"

"Hapana. Leo programu imeiona yenyewe."

Saa kumi kasorobo waliitwa mlangoni. Shangazi aliikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Juu yake aliandika: Mzee Kahigwa, Bukoba. Kwa mkono.

"Kesho asubuhi uwe kwake," alimwambia Revocatus. "Ukisikia wamemtaja baba wa Masalu, waambie shangazi yupo."

Revocatus aliitia barua katika mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akashika njia ya bandarini.