Mguu wa Vidole Vinne

Asubuhi ile fundi alikuwa akinywa chai juu ya ndoo iliyopinduliwa, shemeji yake alipoliingiza gari gereji likishtukashtuka kama mwenye kwikwi. Hawakusalimiana. Tangu dada yake fundi afe kwa kugongwa na gari hilo hilo, uani kwake, mumewe akiwa kwenye usukani, salamu baina yao zilikauka.

"Lilijirukia lenyewe," mume aliwaapia wakwe.

Sasa akasema, "Litazame, shemeji, ili ulimi wako upumzike."

Fundi akaifungua sensa ya mafuta, kidude kinachoiarifu kompyuta ya gari pedeli imekanyagwa kiasi gani. Utepe wake wa kaboni ulikuwa umelika.

"Imechoka. Lakini ikichoka, hulinyima gari nguvu. Hailirushi."

"Wewe ni fundi au hakimu? Funga mpya!"

Akafunga. Ilibaki kulifundisha gari sifuri: ufunguo uwashwe, pedeli isiguswe, kompyuta ijue kutokanyagwa kukoje. Fundi akashika mashine ya kupimia.

"Toa mguu kwenye mafuta."

"Nimetoa."

Namba ikapanda.

"Shemeji, toa mguu!"

"Kwani u kipofu? Miguu yangu hii hapa!"

Kweli. Alikaa upande, viatu vyote viwili nje, juu ya saruji.

Fundi akainama. Pedeli ilikuwa imezama nusu. Haikurudi.

Mashine ikalia. Gari lilikuwa limeshika somo. Mguu ule usioonekana, wa nani hakujua, ndio sifuri yake.

Ilimpasa arudie. Alijua. Akafuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole.

"Tayari?" shemeji akauliza.

"Tayari," fundi akanong'ona.

Gari likatoka langoni kwa adabu. Kisha likanguruma.

"Shemeji! Breki hazi—"

Ukuta wa ng'ambo ukalimeza neno.

Mabaki ya gari yalikokotwa hadi pale pale gereji. Fundi akaipima sensa: nzima. Sifuri ilikuwa sifuri ya kweli, si ya mguu ule. Ila juu ya mpira wa pedeli palikuwa na unyayo wa mguu mtupu, mwembamba, wa kulia, wenye vidole vinne. Dada yake alikatwa kidole cha mwisho cha mguu wa kulia na mnyororo wa baiskeli, utotoni. Mwendeshaji alikuwa kaka yake, fundi mwenyewe.

Fundi akaufuta ule unyayo. Akafunga gereji, akaliendea gari lake, akafungua mlango.

Pedeli ya mafuta ilikuwa na majimaji. Vidole vinne.

Nayo ilikuwa imezama nusu.