Barabara Tuliyoipambia Wageni

Katika avenue yetu, hapa Butembo, hakuna mutu anayejua barabara kunipita mimi. Ninajua kila shimo. Kusema kweli, ninayajua kwa sababu nimeanguka ndani ya karibu yote. Moja lilinipenda sana, likanikamata tena.

Jina langu ni Rébecca, lakini kwa sababu ya uzee watu wananiita koko, ni kusema nyanya. Ninaishi peke yangu juu ya kilima. Asubuhi ninafagia kiwanja, ninapika sombe kidogo, ninakula. Kisha ninaketi mulangoni, ninangoja mutu apite nimuchokoze. Lakini tangu barabara iharibike, watu hawapiti. Pikipiki zinawaacha chini, kwa kituo. Mwanamuke wa kuuza ndizi alihama njia. Siku nyingine ninasalimia mbuzi wa jirani. Anajibu vizuri kuliko watu wengine.

Binti yangu Thérèse ameolewa Beni. Mutoto wake mudogo, Cyrille, sijamubeba hata siku moja. Wakati wa bunduki katika njia ya Beni, mimi mwenyewe nilimwambia asikuje. Kisha utulivu ukarudi kidogo, magari yakapita. Nikamupigia simu.

"Utakuja siku gani, binti yangu?"

"Ningekuja, mama. Mais ile barabara yenu… Motard wa pikipiki hatakubali kupanda na batoto. Batengeneze kwanza."

Basi nikaamua barabara itengenezwe. Wengine wanataka barabara kwa ajili ya biashara. Mimi niliitaka nishike mashavu ya mutoto.

Nilienda kwa Kasika, chef wa quartier yetu, mukubwa wa mutaa.

"Chef, barabara itatengenezwa siku gani?"

"Koko, tunafanya salongo kila juma. Batu bote banatoka na majembe. Unataka nini tena?"

"Munaweka udongo. Mvua inaukula."

"Donc tutaweka tena."

"Na feza ya commune?"

"Feza ya Leta, ya serikali, koko? Nani anaionaka?"

Nikarudi nyumbani. Nilikula, nikalala.

Karibu na mimi anapanga mwanamuke anayeitwa Elikia. Ni mufanyakazi wa bureau ya commune, serikali ya sehemu yetu ya muji. Alitumwa hapa kutoka Kisangani, na hana ndugu Butembo. Jioni alikula peke yake, mimi pia nilikula peke yangu, na ukuta ulisikia vijiko vyetu vyote viwili. Tulisalimiana tu.

Siku moja ya mvua, Elikia alianguka mbele ya mulango wangu. Nikamuingiza ndani, nikamupa maji ya moto ya kuosha miguu.

"Karibu," nikamwambia. "Shimo lile ninalijua. Ni la familia."

Akacheka, kisha akawaza.

"Koko, iko ajabu. Kwa bureau, hii barabara banaiandika kama iko muzuri."

"Nani aliandika vile? Alikuwa amelewa?"

"Hapana. Technicien alipita kuangalia barabara zote, kabla commune haijagawanya feza ya mwaka. Hapa hakukuta shimo. Alikuta maua kando kando."

Maua yale niliyapanda mimi.

Kwetu, wakitangaza mugeni mukubwa, tunafanya salongo kabla hajafika. Tunajaza mashimo udongo, tunaukanyaga, tunasimamisha majani ya ndizi. Tunaona haya mugeni aone ubaya wetu. Tulifanya vile kwa askofu. Na tuliposikia mutu wa commune anakuja kuona barabara, tukafanya vile tena, na kuzidi. Alipokwisha kwenda, mvua ilinyesha, udongo wote ukashuka mutoni pamoja na maua yangu.

"Basi daktari alifika, na sisi tukamuficha mugonjwa," nikasema.

"Njo vile, koko. Na kuko lingine. Kila mwaka commune inaita mukutano wa wazi. Inasema: feza iko hii, tuanze na barabara gani? Kila quartier inatuma batu. Kwenu hapana mutu alikuja."

"Hatukuitwa."

"Tangazo linabandikwa kwa mulango wa bureau. Ile feza ni yenu. Inatoka kwa taxe munalipa sokoni. Mutu yeyote anaweza kuuliza: iko ngapi? Ilienda wapi? Nani alipewa kazi? Kuuliza haiko matusi. Iko haki."

"Hata mwanamuke muzee aliyeishia shule ya primaire?"

"Weye zaidi. Batachoka na weye."

Nikamwambia Kasika, na yeye akaandika barua kwa commune kuomba technicien arudi. Siku ilipotangazwa, nilisikia majembe asubuhi. Nikatoka. Kasika alisimama na vijana, wakiwa na udongo na majani ya ndizi.

"Chef, ni nini hii?"

"Kidogo tu, koko. Mugeni asituone kama batu ba pori."

Nikaenda kuchukua kiti changu. Nikakiweka ndani ya shimo kubwa, nikaketi. Kichwa changu kilibaki juu.

"Endelea kujaza," nikasema. "Anza na miguu yangu, inasikia baridi."

"Koko, tutapata haya."

"Haya tumekuwa nayo miaka mingi. Haituletei pikipiki."

Vijana wakacheka, wakaweka majembe chini. Technicien alifika, akanikuta mule. Akapima shimo bila kuniondoa.

Siku ya mukutano, Kasika alienda pamoja na mama wa sokoni na mimi. Tuliuliza. Bwana mumoja wa bureau alikunja uso, lakini alijibu, maana watu wote walikuwa wakisikia. Avenue yetu ikawekwa kati ya kazi za mwaka ule. Wakasimamisha kibao penye njia, chenye kuonyesha kiasi cha feza na jina la mwenye kazi. Tulichagua watu wa kufuata kazi kila siku. Mwenye kazi alipotaka kumwaga mawe bila kuchimba mifereji, walirudi bureau kuuliza. Akachimba.

Sasa barabara ni nguvu. Maji yanashuka katika mifereji yake. Mwanamuke mwenye uchungu wa kuzaa anafika hospitali akiwa amekaa juu ya pikipiki, habebwi mugongoni. Pikipiki zinapita mbele yangu mbio sana, hata hazinisalimii.

Nikamupigia Thérèse simu. Akasema atakuja Jumapili, kiisha misa. Nikaazima sufuria kubwa kwa Elikia, nikapika kuku na maharagi. Kisha, kwa sababu kungoja mulangoni kulinishinda, nikashuka mpaka kwa kituo cha pikipiki. Nikaketi juu ya jiwe karibu na Paulin, motard wetu. Yeye alilala juu ya pikipiki yake, jua likimupiga usoni.

Simu ikalia.

"Mama, pole sana. Tumefika hapa chini kwa kituo, mais mvua imeharibisha tena barabara yenu. Bamotard bote banakataa kupanda. Tutarudi Beni."

Nikatazama barabara. Ilikuwa kavu, nyeupe, mpaka juu.

"Uko kwa kituo cha Paulin?"

"Ndiyo, mama. Niko hapa na batoto. Matope mpaka kwa magoti."

"Basi geuka unisalimie," nikasema. "Mimi pia niko hapa."