Mchumba Aliyekula Uani

Siku ya soko, Busia ilikuwa haina pa kukanyaga. Mzee mmoja alisimama mbele ya rundo la mitumba akijipima koti la kijani lililomfika magotini.

"Vua hilo, mzee," alisema Athieno, mwenye rundo. "Unafanana na dereva aliyenyang'anywa leseni."

"Mimi dereva kweli, mama. Wa lori. Leseni nimeirudisha mwenyewe."

"Basi sikukosea sana."

Jina lake Eriku, wa kabila la Wateso, kutoka Tororo, miaka sabini, anaishi peke yake. Athieno alikuwa mjane wa sitini na minne, amevaa gauni pana la gomesi la zambarau, sauti ya kuvuka mpaka bila kitambulisho. Alizaliwa kijijini Nabuyoga katika nyumba ya watoto wengi, sinia moja, mkeka mmoja. Mpaka leo hakuweza kunywa chai bila kumwita mtu.

Simu zikaanza.

"Umekula nini, sukari yangu?"

"Ugali."

"Na nani?"

"Na mdomo wangu."

Athieno akacheka. Alidhani ni utani.

Alitaka kuzeeka na mtu huyu, lakini katikati ya watu wake, si pembeni. Kwa hiyo akampeleka Nabuyoga kwa kaka yake Ochwo, aliyechinja kuku. Eriku alifika na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Watu wakanawa, wakazunguka sinia. Eriku akachukua paja na tonge, akainuka, akaenda kula nyuma ya jiko, amesimama.

Huko kwa akina Athieno, mgeni anayekimbia sinia amesema neno moja tu: mmeniwekea sumu.

Ochwo akarudisha shingo ya kuku siniani. "Dada, huyo mtu wako anatuona wachawi."

Jioni ile Athieno alipiga simu. "Eriku, umenivua nguo mbele ya watu wetu!"

"Kuku alikuwa mtamu."

"Toka kwa simu yangu!"

Hakupokea tena simu zake. Biashara ilimwendea vizuri sana. Hasira ni nzuri kwa kunadi mitumba. Ila kila akimaliza kuuza alikuta hana hamu ya kumsimulia mtu yeyote.

Mwishowe akapanda gari hadi Tororo kumwambia ana kwa ana kwamba uchumba umekwisha, maana ugomvi wa simu hauna ladha. Mlango ulikuwa wazi. Eriku alikuwa jikoni, mgongo ukutani, anakula kutoka sufuriani, upesi. Alipomwona Athieno akashtuka, akaificha sufuria nyuma ya mgongo.

Mzee mzima.

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga njiani yakamtoka Athieno kichwani.

"Kumbe hata kwako unasimama?"

Eriku akaangalia sakafu. "Mama alikufa nikiwa mdogo. Kwa mjomba, watoto wa nyumba walikula ndani. Mimi nilipewa mabaki nyuma ya jiko. Nikikaribia sinia, napigwa mwiko wa kichwa. Baadaye nikapata lori, nikaona raha. Ndani ya lori hakuna sinia."

"Mbona hukuniambia?"

"Niseme nini? Kwamba nimezeeka na bado naogopa sinia?"

Athieno angeweza kulia, lakini alikuwa amejipaka wanja. Akatandika mkeka, akaketi, akapiga kiganja pembeni yake. "Njoo."

Eriku akakaa ukingoni, nusu nje, kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Leo sisi wawili," Athieno akasema. "Ukizoea, tunaongeza Ochwo. Nitamweleza mimi. Ana domo kubwa, lakini tonge lake dogo."

"Na kwa harusi?"

"Nani ametaja harusi?"

"Mimi. Nataja sasa."

"Eriku, harusi ina watu mia tatu."

 Mzee alitazama mlango, akatazama ukuta, akatazama yule mwanamke.

"Tutawaongeza polepole," akasema.

Athieno akasogeza sufuria katikati. Wakamega pamoja, mikono ikagongana ndani. Eriku hakuondoa wake.